Mkia wa Neno

Wanafunzi walimwita Madame Inaitwa-Je, na hawakumwita hivyo kwa siri. Hata mlinzi wa lango la shule, akimwona anateremka kutoka upande wa soko na mkoba wake mweusi, alipaza sauti: "Inaitwa-Je anafika, muingie ku darasa!" Madame Émilienne hakukasirika. Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka kumi na sita aliyofundisha fizikia hapa Baraka, mwanafunzi yeyote aliyesimama mbele yake na kunyoosha kidole akisema "kile kintu", alikatizwa papo hapo.

"Kile kintu inaitwa je?"

"Madame, ile ya kupima moto…"

"Inaitwa je?"

Mtoto wa watu angebaki amesimama, darasa zima likimcheka chini kwa chini, mpaka voltimita, chombo cha kupima umeme, ipate jina lake. Kuna waliosimama nusu saa. Kuna mmoja alilia. Madame alikuwa akiwaambia kwamba mtu asiyejua jina la kitu hana hicho kitu, hata kama amekishika mkononi, na alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi walimwigiza wakati wa mapumziko, na mkoba wake, na mwendo wake, na kidole juu.

Tusimcheke bure. Alikuwa na miaka kumi na miwili vita vya kwanza vilipowavusha ziwa, yeye na mama yake na mdogo wake wa kiume, mpaka kambi ya wakimbizi upande wa Tanzania. Huko mdogo wake alishikwa na homa ya kutetemeka. Mama hakuweza kumwacha peke yake, akamtuma Émilienne akapange foleni ya dawa. Alipanga tangu asubuhi. Alipofika dirishani, aliyekuwa akigawa dawa akamuuliza anataka nini, naye akajibu: "Mama amesema kile kidonge cheupe." Vidonge vyeupe vilikuwa makopo mawili matatu. Akapewa vya minyoo. Mdogo wake alikufa kesho yake jioni, na hakuna mtu hata mmoja aliyemlaumu Émilienne, na hilo ndilo lililomuumiza miaka yote. Angepigwa, pengine lingekwisha.

Basi huyo ndiye mwalimu ambaye Mama Willy alimjia siku moja na kikapu cha ndakala.

Mama Willy anauza ndakala, wale dagaa wa ziwani, kwenye soko la chini, na hajui kusoma. Mumewe alipanda milimani na bunduki miaka ile, na hakuteremka tena. Katika vijana walioanza sekondari pamoja na mwanawe Willy, watano walikuwa wameshaenda "kule juu", kama tunavyosema bila kuuliza juu ni wapi wala kwa nani. Mmoja wao alirudi kuwatembelea akiwa na viatu vipya vya jeshi na simu kubwa, na wasichana wakamzunguka. Mama Willy aliliona hilo, akajaza kikapu, akaenda shuleni.

"Madame," alisema, "huyu mutoto ukimuacha hivi hivi, bunduki itamubeba. Ilibeba baba yake. Banasema anakusikiaka weye kuliko miye. Unipatie neno."

"Neno gani, Mama Willy?"

"Kama hatagusa bunduki."

Émilienne akamtazama yule mama, mikono yake yenye magamba ya samaki, akamwambia: "Willy hatagusa bunduki. Neno yangu njo hiyo." Ukimjua Madame, unajua hakuwa mtu wa kutoa neno ovyo. Alichukua ndakala, akapika, akala, na tangu siku ile Willy akawa deni lake.

Njia ya kulipa ilikuja kwa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa mkuu wa shule. Kutakuwa na mashindano ya sayansi ya wanafunzi kule Uvira. Kila shule itengeneze kitu kinachofanya kazi. Timu ya kwanza itasomeshwa uhandisi Lubumbashi, chakula na malazi ndani yake. Madame alisoma tangazo mara tatu, kisha akapima kwa kichwa chake jinsi Lubumbashi ilivyo mbali na kule juu, akaridhika.

Aliwachagua wawili. Willy, kwa sababu ya neno lake, na kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani tangu mwaka wa tatu. Wa pili alikuwa Nella Ndizeye, Mrundi wa kambi ya Lusenda, aliyeingia nchini humu akiwa mgongoni mwa shangazi yake na sasa alipanga chumba karibu na shule pamoja na wasichana wengine wa kambini. Nella alipiga hesabu bila karatasi. Lakini majina! Kiswahili alikijua cha kuokoteza, Kifaransa cha ubaoni, na kila kitu kwake kilikuwa "kile kintu". Darasa lilimpa jina la Kile-Kintu, na Madame alikuwa ameapa kwamba msichana huyu hatamaliza shule na jina hilo.

Walichotengeneza ni kigari cha umeme cha magurudumu matatu. Fremu ilitoka kwenye madawati. Mwaka uliotangulia, wenye bunduki walilala shuleni wiki mbili, wakapikia mbao za madawati, wakaacha miguu ya chuma imelundikana nyuma ya vyoo. Willy ndiye aliyeiona miguu ile na kusema inafaa. Fundi Jacques wa soko la juu aliiunganisha kwa moto wa jenereta yake, akilalamika kwamba hajawahi kuona gari lililozaliwa na dawati. Gurudumu la nyuma, lenye mota ndani yake, lilivuka ziwa kutoka Kigoma limefungwa kwenye gunia la mchele. Betri nne zilikuwa za sola, zilizochoka kidogo, za zahanati iliyofungwa. Breki zilikuwa za baiskeli. Kiti kilikuwa kiti cha plastiki chekundu kilichokatwa miguu, kile tunachokalia kwenye vilio na harusi.

Madame alisema kitu lazima kiwe na jina. Willy akaandika kwa rangi nyeupe mbele yake: TUTAFIKA.

Siku ya kukijaribu walikitoa mpaka barabara ya uwanja wa mpira. Willy alikaa, akabonyeza, na kile chombo kikaondoka bila sauti. Hiyo ndiyo iliyowatisha watu. Sisi tumezoea pikipiki inayojitangaza kutoka mbali. Bamama waliokuwa wakitoka kisimani walisikia upepo tu mgongoni, wakageuka, wakamwona kijana amekaa kwenye kiti cha kilio anakuja peke yake, wakatupa ndoo. "Eh Yezu! Ni muchawi!" Willy alicheka mpaka akaingia kwenye shimo. Mama Willy aliletwa aone. Alikizunguka kigari mara mbili, akagusa kiti, akauliza kinakunywa nini kama hakinywi mafuta. Mwanawe akamweleza, na kila mama yake aliposema "kile", Willy alisema: "Mama, inaitwa batri. Mama, inaitwa mota." Alikuwa ameambukizwa kabisa. Alimsahihisha mama yake, alimsahihisha Fundi Jacques, siku moja alimsahihisha hata katekista katikati ya somo. Émilienne alijifanya hakusikia, lakini moyoni alifurahi, na ni haki yake kufurahi; hatukujua bado yatakayokuja.

Sasa niwaeleze neno moja, maana bila hilo hamtaelewa.

Kile kidude cha kutia umeme kwenye simu, ambacho ng'ambo, Kigoma, wanakiita chaja, sisi tunakiita chargeur, kwa Kifaransa. Lakini chargeur hiyo hiyo ni kile kisanduku cha chuma chenye risasi kinachopachikwa chini ya bunduki. Neno moja, vitu viwili, na vyote viwili vinazunguka katika barabara zetu. Kwa hiyo muuza simu wa Baraka hatasema chargeur na kunyamaza. Atasema "chargeur ya simu", kwa pumzi moja, hata kama simu yenyewe ameishika mkononi na kila mtu anaiona. Watoto wadogo wanasema hivyo hivyo. Hakuna shule iliyofundisha mkia ule. Umefundishwa na barieri, zile kamba zinazofungwa kukata barabara, na watu wenye bunduki wanaokaa kando ya kamba wakiwawinda wale wa kule juu.

Mashindano yalitaka kila timu ilete daftari la maelezo, na daftari liliandikwa na Nella kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Jioni moja alimletea Madame ukurasa wa umeme. Alikuwa ameandika "kile kitu cha kutia moto kwenye betri". Madame akachukua kalamu yake, bic nyekundu, akapiga mstari. Nella akaenda, akarudi. Sasa aliandika "chargeur ya simu".

"Simu iko wapi hapa?" Madame akamuuliza.

"Hakuna, Madame."

"Hii ni ya batri ine, volti makumi ine na munane. Ukitia simu hapa itapasuka. Sasa ya simu inatafuta nini?"

"Madame, tunasemaka tu hivyo…"

"Tunasemaka! Hapa hatusemake, hapa tunataja." Na bic ikakata ule mkia, "ya simu", mara mbili ili usionekane. Pembeni akaandika kwa herufi kubwa: CHARGEUR. INATOSHA.

Willy alikuwa amesimama nyuma ya Nella, akachungulia juu ya bega lake, akasoma kwa sauti, akacheka. "Inatosha, Kile-Kintu!"

Wiki mbili kabla ya mashindano, chargeur yao iliungua. Jenereta ya jirani ilipandisha umeme ghafla, ukatoka moshi wa harufu ya plastiki, na kazi ikasimama. Kaka wa Madame anayeishi Uvira alipata mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, akazipakia kwenye boti, kwa kuwa barabara ya huko siku hizo haikupitika. Ila injini ya boti ilianza kutema maji, na nahodha akaishia Swima, kijiji cha njiani, akasema mwenye mzigo aufuate. Kutoka hapa mpaka Swima kwa pikipiki panafikika ukiondoka mapema, barieri zikiwa na roho nzuri.

Madame alitaka kwenda mwenyewe. Lakini Alhamisi ile alikuwa na mtihani wa wanafunzi wa mwaka wa sita, na mkuu wa shule hakumruhusu. Willy na Nella walikuwa wameshamaliza mitihani yao. "Mi nitaenda, Madame. Nella naye anataka kupita kwa shangazi yake ku Lusenda." Émilienne akawaza. Akamtafuta Patrice, dereva wa pikipiki anayemwamini, mtu mzima mwenye watoto, akamkabidhi wote wawili mbele ya lango, pamoja na saki, mfuko wa kubebea mizigo.

"Mufike, mukamate mizigo, murudi. Musikawie kwa mutu."

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa alipomwita Willy tena. "Ufungue katoni. Usome majina juu yake, uone kama ni zenyewe."

"Nitasoma, Madame."

Saa tano simu yake ililia ndani ya mkoba, darasa likiwa kimya na mtihani. Akatoka nje kuipokea. "Madame, ni zenyewe!" Alikuwa Willy, upepo wa ziwa ukipiga kwenye simu. "Nimesoma. Volti makumi ine na munane. Mbili. Mupya kabisa!" Akamwambia vizuri, rudini. Alirudi darasani akitabasamu, na wanafunzi wakashangaa, maana Madame hatabasamu siku ya mtihani.

Pikipiki ilirudi saa kumi. Patrice aliizima nje ya lango, akaiegemeza kwenye ukuta, akakaa chini mchangani na kofia mkononi. Nella peke yake ndiye aliyeingia. Nguo yake ilikuwa na damu kuanzia kifuani hadi magotini, na alitembea sawasawa, kama mtu aliyetumwa kuleta chaki.

Émilienne alimshika mkono, akamwingiza kwenye stoo, ambamo Tutafika kilikuwa kimefunikwa turubai. Akafunga mlango.

"Hiyo damu ni yako?"

"Apana."

"Willy iko wapi?"

"Bamama ba kijiji balimulalisha ku kanisa. Pale karibu na barieri."

"Iko nasumbuka? Banamupeleka hôpital?"

Nella akatikisa kichwa. Émilienne akaelewa. Kuna watu wanaopiga kelele wakielewa, na kuna wanaouliza maswali. Yeye aliuliza maswali.

"Ilikuwa je?"

"Balituuliza tuko na nini mu saki. Tukajibu. Bakapiga risasi."

"Mulijibu je?"

"Tulijibu tu, Madame."

"Nella. Mulijibu je? Useme neno kwa neno."

Yule msichana akatazama turubai, akatazama ukuta. "Usiniulize hiyo," akasema. "Naomba, Madame. Usiniulize."

Angeacha hapo. Mara elfu amejiambia angeacha hapo. Lakini alikuwa Madame Inaitwa-Je, na katika maisha yake yote hakuwahi kuruhusu jibu lipite nusu. Akamshika Nella mabega yote mawili, akarudia swali lake, na Nella akalijibu.

"Kulikuwa babili ku barieri. Moja alikuwa nasimama kwa kamba, mwingine alikuwa nalala pale kwa jiwe, bunduki ku magoti. Ule wa kamba akaniuliza miye. Nikasema: papa, ni kile kintu ya kutiya moto mu batri. Akacheka. Akasema: pita basi, mutoto wa Burundi, na kile kintu yako. Akaanza kuinua kamba, Madame. Alikuwa ameshainua." Nella alinyanyua mkono kuonyesha kimo cha kamba, usawa wa kifua chake. "Willy akanigeukia. Alikuwa nacheka. Akasema: Nella, si kile kintu. Inaitwa je? Nikanyamaza. Akasema ye mwenyewe, nguvu, vile unasemaka weye: chargeur! Kisha akaambia ule papa: tuko na chargeur mbili, papa. Akatia mukono mu saki amuonyeshe. Ule wa kulala akaamuka. Yeye hakusikia mwanzo. Alisikia hiyo tu."

Émilienne akayaachia mabega ya msichana.

"Hakusema ya batri?" Émilienne akauliza.

"Hakufika, Madame."

Émilienne akakaa juu ya Tutafika, juu ya turubai, kwenye kile kiti cha plastiki. Hakulia. Alikuwa akiona ukurasa wa daftari na mistari miwili myekundu, na pembeni mwandiko wake mwenyewe, safi, ulionyooka, INATOSHA. Aliona aibu, aibu kubwa kuliko huzuni, na aliona aibu pia kwamba aibu ilitangulia. Neno chaja alilijua. Alikaa ng'ambo miaka tisa akilisikia kila siku, neno dogo lisilofanana na bunduki hata kidogo, na hakuwahi kumfundisha mtoto yeyote, kwa sababu halikuwa kwenye vitabu vya Kifaransa.

Willy alizikwa Ijumaa mchana. Wale wa barieri hawakuomba radhi; walisema kijana alikamatwa na chargeur mbili, amekiri kwa mdomo wake mwenyewe, na wenye kusikia walikuwepo. Mizigo yenyewe walibaki nayo. Ulimi hauna mfupa, na wa sokoni una miguu pia. Jumapili habari ilikuwa imefika kila kona ya Baraka: mtoto wa Mama Willy alikuwa akiwapelekea watu wa kule juu chargeur. Ndiyo maana alikuwa na akili sana. Ndiyo maana lile gari lao halikuwa na sauti. Baba yake si alikuwa hivyo hivyo? Kwenye kilio viti vingi vilibaki vitupu. Katekista alisali sala fupi, akaaga kwamba ana mgonjwa wa kutembelea.

Émilienne alikwenda kila siku, akakaa nyuma kabisa, kwenye mkeka karibu na mafiga. Kila siku alikwenda na maneno yake ya kumwambia yule mama, na kila siku alirudi nayo nyumbani. Mkuu wa shule alimuuliza kuhusu Uvira, akasema kwa upole kwamba betri zinaweza kutiwa umeme kwa njia nyingine, na shule ingepata heshima. Nella alipoulizwa alijibu kwamba hatakigusa tena kile kintu, na Madame hakumuuliza kinaitwaje. Siku ya mashindano ikafika, ikapita.

Kilio kilipovunjwa, Mama Willy alirudi sokoni. Alipanga ndakala zake mafungu mafungu kama zamani, na jua likazama mafungu yakiwa yamebaki yale yale. Wateja wake wa miaka walinunua kwenye meza ya jirani. Akavumilia siku mbili. Siku ya tatu alipakia kila kitu kikapuni, akapanda mpaka shuleni. Émilienne alikuwa peke yake darasani, akifuta ubao.

"Keti, Mama Willy."

"Sitakaa." Aliweka kikapu juu ya dawati. "Madame, ulinipatia neno. Ulisema hatagusa bunduki."

"Nilisema."

"Sasa mi sijue kusoma, lakini masikio niko nayo. Banasema Willy alikuwa na chargeur. Nani nitamuuliza kama si weye? Weye njo unajuaka majina ya bintu. Ni kweli, alikuwa na chargeur?"

Hilo ndilo swali ambalo Émilienne alikuwa hajajiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kupigwa. Jibu la kweli lilikuwa moja, ndiyo, na alipolitazama lile ndiyo aliona litakavyotembea mpaka sokoni. Akafungua mdomo aeleze, mama, hiyo neno iko namna mbili, kuna ya risasi na kuna ya batri, batri zikiwa ine… akaona yule mama amefumba macho aliposikia tu "risasi". Akaacha.

"Ilikuwa chargeur ya simu," akasema.

Mama Willy akafumbua macho.

"Ya simu?"

"Ya simu, Mama Willy. Mbili."

"Ile banauzaka pale ku duka ya Vanessa? Ya kutiya mu ukuta?"

"Njo hiyo."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu dirisha lile la dawa kwamba Émilienne alikitaja kitu kwa jina lisilo lake, na safari hii kwa kujua. Yule mama akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa kama ulivyokuwa siku alipokizunguka kigari na kugusa kiti. Halafu ukabadilika tena. Alikuwa anawaza.

"Lakini Madame," akasema polepole. "Sasa kwa nini hakusema ya simu?"

Émilienne akaweka kifutio chini.

"Kila mutu anasemaka ya simu. Mutoto wa miaka mitatu anajua. Mi mwenyewe mujinga najua. Willy wangu alianza kusema ya simu hata mbele ya kujua kuhesabu." Sauti yake haikupanda. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Nani alimufundisha kusema nusu?"

Ubaoni, nusu iliyokuwa haijafutwa, palikuwa na mchoro wa saketi na majina ya kila sehemu, yote yameandikwa sawasawa.

"Miye," akasema Madame Émilienne. "Ni miye njo nilimufundisha."

Mama Willy alimtazama. Hakumpiga. Hakumlaani, wala hakulia. Alijifunga kitenge chake upya kiunoni, akainama, akaokota ndakala mmoja aliyeanguka kwenye dawati na kumrudisha kikapuni, akajitwisha kikapu, akatoka.

Émilienne alimwona kwa dirisha akivuka uwanja. Langoni mlinzi alisimama, akavua kofia, akamwambia pole ile ya kutazama pembeni ambayo wote walimpa siku hizo. Mama Willy akasimama mbele yake.

"Ilikuwa chargeur ya simu," akamwambia.

Akayasema yote, polepole, mpaka mwisho, kisha akateremka kuelekea sokoni, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia hivyo hivyo.